Uzi: Bushi za kitambaa cha marekani na resini ya fenoli zinapasuka kama kigae. Tuichanganye na nini?

Bushi_Malindi
Salaam aleikum wadau. Kazi yenyewe ni bushi za shafti ya boti, zile zinazokaa kwenye bomba upande wa tezi (nyuma ya chombo) na kulainishwa na maji ya bahari. Marekani inaloweshwa resoli, yaani resini ya fenoli ambayo haijaiva, iliyoyeyushwa kwa spiriti (yabisi asilimia 60), inakaushwa, inapangwa tabaka 34 na kubanwa nyuzi 150 kwenye presi ya gereji ya tani 20, bamba la sm 20 kwa 20. Kibao kinatoka kizuri machoni, kahawia iliyokolea, kinang'aa. Kukitia keekee tu kingo zinamenyeka, na bushi ukiigonga iingie nyumbani mwake inapasuka. Nasikia resini hizi huchanganywa na polima nyingine zikaacha ukavu, yaani kupasuka upesi. Polima ipi, kiasi gani, na inaingia hatua gani? Epoksi msinitajie, bei yake naijua.

Mtu_wa_Gongoni
Saga tairi kuukuu, chekecha, tia asilimia 10. Mpira ni mpira.

MkemiaPwani
Hapana, bwana wa Gongoni. Mpira wa tairi umeshaiva kwa salfa. Haunywi resini wala haushikani nayo, na punje inayopita chekecheo la kawaida ni kama nusu milimita. Punje za mpira zinazozuia ufa ndani ya plastiki ni za mikroni moja au chache, na zimeshikwa kikemikali na resini inayozizunguka. Punje ya nusu milimita isiyoshikwa ni tundu lenye kitu ndani. Ufa utaanzia hapo hapo.

Fundi wa Malindi, kabla ya polima yoyote, vunja kipande kimoja kwa makusudi utazame ufa ulikopita. Ukiwa umekimbia kati ya tabaka na tabaka ukaacha uso laini unaong'aa, tabaka hazikuungana. Ukiwa umekata kitambaa moja kwa moja, ukingo mkali kama wa kioo, hapo kweli resini ni kavu. Na ukiona vitundu vidogo vidogo kama sponji, huo ni mvuke.

Bushi_Malindi
Vyote vitatu, maalim. Zaidi ni kati ya tabaka. Vitundu vipo katikati ya kibao, pembeni hakuna.

MzeeWaPresi
Basi fanya hesabu kwanza, mwanangu. Sm 20 kwa 20 ni sm² 400. Tani 20 juu yake ni kilo 50 kwa kila sm², na hapo tumekubali kwamba jeki inatoa tani zake zote na geji haidanganyi. Kibao cha pamba na fenoli kinataka kilo 70 hadi 100 kwa sm². Punguza bamba liwe sm 16 kwa 16: sm² 256, unapata kilo 78. Presi ni ile ile, hununui kitu.

Vitundu vya katikati vinatoka hapa: resoli ikiiva, kila kiungo kinachofunga kinaachia molekuli ya maji. Kwa nyuzi 150 mvuke wa maji unasukuma karibu bar 5, kwa nyuzi 160 unapita bar 6. Presi ikiwa imefungwa mvuke hauna pa kwenda. Ukiifungua ingali moto, unavimba. Wa pembeni ulishatoka zamani, wa katikati unajitengenezea vyumba. Zima moto, acha shinikizo lile lile, bamba lishuke chini ya nyuzi 60 ndipo ufungue. Zaidi ya saa nzima inaliwa kwa kungoja, na ndiyo saa ambayo wengi hawataki kuitoa.

Muda wa kuiva kwa mm 10 ni dakika 50 hadi 60 tangu *katikati ya kibao* ifike 150. Bamba kufika 150 si hoja. Tengeneza kibao kimoja cha kutupa, tia waya wa kupimia joto kati ya tabaka ya 17 na ya 18, uandike dakika zinazochukua. Ukishajua mara moja huna haja ya waya tena, maadamu presi na unene havijabadilika.

Bushi_Malindi
Shukran mzee wangu. Nilikuwa nafungua ikiwa kama nyuzi 120 ili niwahi kibao cha pili.

MzeeWaPresi
Hicho cha pili nacho kimepasuka.

Bi_Polima
Naongeza la kitambaa, maana polima haitasaidia kitu kisichoingia ndani ya uzi. Marekani ya dukani imetiwa wanga kiwandani. Wanga unazuia resini kupenya, tena unakunywa maji baadaye. Ichemshe saa moja na soda ya kufulia, gramu 10 kwa lita, usuuze mara tatu, uikaushe juani hadi ikauke kabisa. Kisha idondoshee tone la iodini ya duka la dawa: ikigeuka buluu nyeusi, rudi jikoni.

Halafu ukaushaji baada ya kulowesha. Kata kipande cha sm 10 kwa 10 cha kitambaa kilichokwisha kaushwa, kipime, kiweke ovenini nyuzi 160 kwa dakika 10, kipime tena. Kikipoteza asilimia 4 hadi 6 ya uzito, sawa. Kikipoteza 9, spiriti na maji bado vimo, utapata malengelenge. Kikipoteza 2, resini imekwenda mbali mno, haitatiririka tena kuunganisha tabaka, na huo ndio uso laini unaong'aa uliouona. Mizani iwe ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, kwa sababu kipande chote hakifiki gramu 5. Ya jikoni haitakuambia kitu.

Na tafadhali: kitambaa kinachonuka spiriti kisiingie kwenye oveni yenye waya mwekundu wala kukaribia jiko la mkaa. Mvuke wa ethanoli unashika moto hata kwenye ubaridi wa asubuhi. Kining'inize nje mpaka harufu ipungue sana, ndipo oveni.

MkemiaPwani
Sasa polima. Kwanza tujue ukavu unatoka wapi, la sivyo tutakuwa tunamwaga vitu ndooni kwa kubahatisha.

Fenoli ina nafasi tatu za kushikwa kwenye duara lake, na daraja kati ya duara na duara ni kaboni moja tu. Chukua wavu wa samaki wenye macho madogo kiasi kwamba uzi hauna hata nafasi ya kulegea: ndiyo hiyo resini iliyoiva. Haiyeyuki, joto halilegezi, na ukiipinda inakatika kabla haijanyooka hata asilimia 2. Uzuri wake na ubaya wake vimetoka tumbo moja. Kila gramu ya kitu laini unachoongeza inakula kidogo upande wa joto.

Kwenye epoksi watu husifu punje za mpira, na wana haki. Punje inapopasuka ndani, epoksi inayoizunguka inanyooka na kumeza nguvu ya ufa. Fenoli haina nafasi ya kunyooka. Kwa hiyo punje zile zile zikiwekwa kwenye fenoli hulipa kidogo. Kinacholipa ni mnyororo mrefu unaonyumbuka, unaoyeyuka *pamoja* na resini ikiwa mbichi, unaoshikana nayo, kisha resini inapoiva unajitenga kidogo sana au haujitengi kabisa. Usipoyeyuka tangu mwanzo, unapata mabonge. Ukijitenga mapema mno, unapata matabaka mawili kama mafuta na maji. Ndiyo maana swali la kwanza huwa "resini yako imekuja ndani ya nini?" Ya spiriti, ya maji, ya unga, kila moja ina mwenzake.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1941, Norman de Bruyne na wenzake wa Aero Research kule Duxford, Uingereza, walipaka resoli ya maji maji juu ya metali, wakanyunyizia unga wa polivinili fomali, wakakung'uta uliozidi, wakabana kwa moto. Resoli peke yake ingebanduka kwa pigo moja. Mchanganyiko ule, Redux, uliunganisha metali kwa metali na metali kwa mbao kwenye ndege za de Havilland. Ndugu yake polivinili fomali ni polivinili butirali, PVB, naye anayeyuka kwenye ethanoli. Fundi ana resoli ya spiriti. Bi_Polima, umeshajua nakuachia nini.

Bi_Polima
Haya. Vipimo vya resoli kilo 1, yabisi asilimia 60, yaani gramu 600 za resini kavu.

Anza na PVB sehemu 10 kwa resini kavu 100: gramu 60. Chukua daraja lenye mnato mdogo. Lenye mnato mkubwa linageuza kila kitu kuwa asali na haliingii kwenye uzi. Pima ethanoli gramu 540 kwenye ndoo ya chuma au plastiki nyeupe, koroga mpaka kuwe na shimo la mzunguko katikati, unyunyize unga *pole pole kama unavyotia unga kwenye maji ya ugali*, isipokuwa hapa maji ni baridi. Ukimwaga wote mara moja unapata mabonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, na hayo hata kesho yatakuwapo. Funika, lala, asubuhi iwe safi kama maji ya dafu. Chuja kwa kitambaa cha nailoni.

Kisha mimina PVB ndani ya resoli, si resoli ndani ya PVB, kwa uzi mwembamba huku unakoroga, dakika 15. Jumla gramu 1,600, yabisi 660, sawa na asilimia 41. Ni nyepesi kuliko uliyozoea, kwa hiyo lowesha mara mbili, ukikausha hewani katikati. Lengo ni kitambaa na resini viwe nusu kwa nusu: marekani ya gramu 200 kwa mita ya mraba ichukue gramu 200 za yabisi. Kibao chako cha sm 16 kwa 16 chenye tabaka 34 kinakula kitambaa mita ya mraba 0.87, na mchanganyiko gramu 425 hivi. Tengeneza 550, sahani na brashi zina kodi yao.

Kwa nini inashika: PVB ina vikundi vya haidroksili vilivyobaki kwenye mnyororo wake, na resoli ina vikundi vya methiloli. Ukifika moto wa presi vinafungana. Kwa hiyo haikai ndani kama mgeni.

Dozi: chini ya sehemu 5 huoni tofauti. 8 hadi 15 ndipo pazuri kwa bushi. Ukipita 20 kibao kinaanza kulegea kwa moto na kunywa maji zaidi, na bushi inayovimba itakamata shafti.

Bushi_Malindi
PVB si ndiyo ule utando ulio katikati ya kioo cha mbele cha gari? Gereji za hapa zimejaa vioo vilivyopasuka, bure.

Bi_Polima
Ndiyo wenyewe, na usiutumie. Utando wa kioo umetiwa kilainishi, karibu robo ya uzito wake. Kilainishi hakifungani na resini. Kitabaki ndani kikilegeza kila kitu, kisha kitatokeza juu kama jasho, na tabaka zitaachana. Zaidi ya hapo vumbi la kioo lililogandamana na utando litakula shafti. Bure ghali.

Chelezo_Lamu
Na hewa ya huku je? Lamu, miezi ya masika, varnishi za spiriti hugeuka nyeupe juu kama zimemwagiwa maziwa.

Bi_Polima
Utaona hivyo hivyo na PVB. Spiriti inapokimbia inapoza kitambaa, unyevu wa hewa unatua juu yake kama umande, na PVB haipendi maji, inaganda ikiwa nyeupe. Mahali hapo resini na PVB zimetengana, usibane ukidhani moto utarekebisha. Ning'iniza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ndani ya chumba kilichopashwa joto kidogo. Ukilazimika kufanya kazi siku ya mvua, badilisha sehemu ya kumi ya ethanoli kwa butanoli. Inakimbia pole pole, kitambaa hakipoi ghafla. Spiriti yenyewe iwe kavu. Ile ya bei rahisi iliyotiwa maji inaanza kazi ikiwa tayari na kosa.

Plaiwudi_Mokowe
Sisi resoli yetu ni ya maji, ya kubandikia plaiwudi. Tumejaribu PVB ya spiriti, ikawa uji uliokatika. Ni kwa sababu hiyo hiyo?

MkemiaPwani
Hiyo hiyo. Kwa resoli ya maji tafuta mpira ulio katika maziwa, yaani lateksi ya nitrili (NBR) au ya stairini na butadaini. Kilicho muhimu kuliko aina ni pH, kipimo cha asidi na magadi. Resoli ya plaiwudi ina magadi makali, mara nyingi pH 10 na zaidi. Lateksi nyingi za dukani zinasimama vizuri kati ya 8 na 10, na nyingine zimetengenezwa kwa upande wa asidi, hizo zitaganda papo hapo. Nunua karatasi za kupimia pH, pima vyote viwili kabla ya kuvikutanisha.

Jaribu kikombe kimoja kwanza. Resoli gramu 100, lateksi iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, ikitiririshwa taratibu, mpaka mpira mkavu uwe gramu 5 kwa kila gramu 100 za resini kavu. Ngoja saa moja. Paka tone juu ya kioo, lisugue kwa kidole: likiwa laini endelea, likiwa na chengachenga acha. Usikoroge kwa mashine ya kasi, lateksi inakatika kama maziwa yaliyopigwa kupata siagi. Mpira ukizidi 15 mbao zinaanza kuteleza zikiwa motoni kabla gundi haijashika.

Polivinili alkoholi nayo inaingia vizuri kwenye resoli ya maji na inalegeza ukavu, lakini inapenda maji. Kwa plaiwudi ya kabati, sawa. Kwa boti, usithubutu.

TukTuk_Breki
Wadau, nimefuata uzi huu kimya. Upande wa breki tunatumia novolaki (resini ya fenoli isiyoiva bila kiivishi) ya unga na heksamini, kiivishi chake, asilimia 10, pedi zinachanika pembeni zikitoka moldi. Hapo mnaongeza nini?

MkemiaPwani
Kwanza angalia heksamini. Asilimia 10 ya uzito wa *novolaki*, si ya mchanganyiko wote. Kuna watu wanakosea hapo kila siku. Kuishusha hadi 8 kunapunguza viungo vya wavu na pedi inapata pumzi kidogo, bila gharama. Chini ya 6 haiivi sawasawa, inalainika kwenye mteremko, breki inafifia.

Kisha unga wa nitrili, ule uliosagwa mbichi, ambao haujaiva. Anza na gramu 10 hadi 15 kwa gramu 100 za resini. Uchague wenye akrilonitrili nyingi, asilimia 33 na kupanda, kwa kuwa ndiyo inayoufanya uelewane na fenoli. Utangulie kuchanganywa na novolaki na heksamini peke yake dakika 5, ndipo nyuzi na vijazo vifuate. Ukiutupa mwishoni utashikamana na nyuzi ukajifunga mafundo.

Lakini kuchanika pembeni kunanuka amonia zaidi kuliko ukavu. Heksamini ikivunjika inatoa amonia. Moldi nyuzi 150 hadi 160, ndani ya dakika mbili za mwanzo ifungue kidogo kisha uifunge, mara tatu au nne, ipumue. Baadaye oveni: anza 120, panda taratibu hadi 180 kwa muda wa saa 6, kaa hapo saa 4. Ukiruka kutoka moldi moja kwa moja hadi 180 gesi itatafuta njia yake yenyewe.

Na pedi kuukuu zisizojulikana zilikotoka msizikwaruze kavu kwa gurudumu. Nyingine zina asbesto.

Chelezo_Lamu
Mnataja polima za kuagiza, na huku kwetu, Hindi ya Lamu, Witu mpaka Malindi korosho zimejaa. Mafuta ya ganda la korosho si ni fenoli pia? Tuyamwage humo.

MkemiaPwani
Umegusa penyewe, lakini neno "tuyamwage" ndilo lenye shida.

Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kila aliyewahi kukaanga korosho pwani anayajua. Mafuta ghafi ni asidi ya anakadi kwa wingi, na asidi hiyo ikipashwa joto inaachia kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ni duara la fenoli lenye mkia wa kaboni 15. Duara linafungwa ndani ya wavu kama fenoli nyingine yoyote, mkia unabaki ukining'inia na kuyapa macho ya wavu nafasi ya kulegea. Hicho ni kilainishi ambacho hakiwezi kutoka jasho, kwa kuwa kimefungwa. Viwanda vya breki vinajua hilo tangu zamani: unga wa kahawia unaoongezwa kwenye pedi ili breki isipige kelele na isichanike umetokana na mafuta haya haya, yaliyoivishwa na kusagwa.

Ukimwaga ghafi ndani ya resoli iliyokwisha tengenezwa, mambo matatu. Hayachanganyiki vizuri, yanapanda juu. Asidi ya anakadi inatoa gesi ndani ya presi, na umeshasoma habari za vitundu. Tatu, mkia mrefu unaifanya kadanoli iwe nzito kushikana, kwa hiyo resoli inamaliza kuiva na kuiacha nje, mafuta tu. Kadanoli inatakiwa kuingia sufuriani pamoja na fenoli wakati resini inapikwa, kuchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya fenoli, na hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mtungi wa kupoza. Kupika fenoli na fomaldehaidi nyumbani msijaribu: mchanganyiko unajipasha wenyewe, ukipita kiasi unachemka na kutapika, fenoli inapenya ngozi na kuingia mwilini, na fomaldehaidi inasababisha saratani. Nunueni resini iliyokwisha tiwa kadanoli. Unga wa breki pia unauzwa. TukTuk_Breki, kwako wewe asilimia 5 ya mchanganyiko wote ni mwanzo mzuri.

Chelezo_Lamu
Nimekuelewa. La mwisho kwangu: foromali (mti unaoshika tanga) na milingoti ya vipande tunabandika kwa gundi ya resosinoli, ile ya zambarau. Nayo ni kavu. Tuitie gundi nyeupe ya seremala ilegee?

Bi_Polima
La hasha, kaka. Hiyo iache ilivyo. Resosinoli ikiwa nyembamba, sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita, mbao itapasuka kabla ya gundi. Ukavu wake unaonekana pale tu mnapoacha nafasi kubwa na kuijaza gundi. Randa vizuri, mbao iwe na unyevu kati ya asilimia 8 na 15, mbane kwa nguvu ya kutosha hadi gundi itokeze mstari mzima. Gundi nyeupe inatambaa ikikaa chini ya mzigo, na foromali kazi yake ni kubeba mzigo siku nzima upepo ukiwa mmoja. Tena maji yakiipata inalainika. Si kila resini kavu inahitaji kuchanganywa.

Mtu_wa_Gongoni
Sawa, tairi nimeondoa. Je, unga wa grafaiti kwenye bushi, iteleze?

Chelezo_Lamu
Ndani ya maji ya chumvi grafaiti inaila shafti ya chuma. Bushi ya kitambaa inalainishwa na maji yenyewe, mradi yafike. Chonga mifereji.

Bushi_Malindi
Nimepunguza bamba liwe 16 kwa 16, marekani imechemshwa, PVB gramu 60 imelala usiku na imekuwa safi. Nitajuaje kama kweli imesaidia, na si presi tu iliyosaidia?

MkemiaPwani
Swali zuri kuliko yote humu. Tengeneza vibao viwili siku moja, kitambaa kile kile, presi ile ile, kimoja bila PVB. Hicho ndicho shahidi wako. Bila shahidi unapima matumaini.

Kata vipande 10 kutoka kila kimoja, urefu mm 80, upana mm 10, unene mm 4 (kereza au piga msasa upande mmoja). Laza kipande juu ya vyuma viwili vilivyoachana mm 60, dondosha uzito wa nusu kilo wenye ncha ya mviringo ndani ya bomba, ukianzia chini na kupanda sm 2 kila mara, *kipande kipya kila pigo*. Kilichopigwa tayari kina ufa usiouona. Andika kimo kinachovunja. Maabara hutumia kipimo cha ISO 179 kwa kazi hii, lakini kulinganisha vibao viwili vyako bomba linatosha.

Halafu kuiva: sugua ukingo uliokatwa kwa pamba yenye asetoni. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, haijaiva, na matokeo ya bomba hayana maana, kwa sababu resini mbichi huonekana ngumu kuvunjika mpaka ikutane na joto. Wengi wamejisifu kwa "mchanganyiko mzuri" ambao ulikuwa tu haujaiva.

Mwisho chemsha vipande vitatu vitatu saa 2, futa, pima uzito kabla na baada. Chenye PVB kikinywa maji zaidi kidogo ya shahidi, vumilia. Kikinywa mara mbili, shusha PVB hadi 7 au 8.

MzeeWaPresi
Na keekee, isisahaulike. Biti kali, mbao ngumu nyuma ya kibao, usukume pole pole mwishoni. Kingo zinamenyeka pale biti inapotokea upande wa pili bila kitu cha kuegemea. Hapo hakuna polima itakayokuokoa.

Bushi_Malindi
Na mchanganyiko uliobaki? Nina kama gramu 900.

Bi_Polima
Chombo kilichofungwa, kwenye friji isiyo ya chakula. Kwa joto la Malindi resoli inazeeka haraka hata ikiwa peke yake. Leo weka gramu moja juu ya bamba la nyuzi 150, ikoroge kwa kijiti, uhesabu sekunde hadi uzi wake ukatike. Andika juu ya chombo. Kila unapotaka kuitumia, rudia. Sekunde zikipungua kwa theluthi, itumie kwa vibao vyembamba au uiache.

Bushi_Malindi
Bushi nikereze kipimo cha mwisho kabla ya kuipeleka botini, au?

Chelezo_Lamu
Acha milimita moja ndani. Iloweke ndoo ya maji ya bahari, uipime uzito kila siku tatu. Uzito ukiacha kupanda, ndipo ukereze tundu kwa kipimo cha shafti, ikiwa bado imelowa.